Mwanya wa Punje ya Wimbi

Watu wengi niliowatengenezea meno sikuwahi kuwaona sura. Niliwajua kwa vinywa vyao tu, tena vinywa vya plasta: safu ya juu, safu ya chini, na pengo pale jino lilipotoka. Daktari anachukua chapa ya meno ya mgonjwa, mimi namimina plasta ndani ya ile chapa, ikikauka ninapata kinywa kizima mezani, hakisemi wala hakinuki. Kazi yetu inaanzia hapo. Ninyi mnaobaki maabara mmeniomba niandike ninayoyakumbuka kabla sijayasahau, na mkaniomba isiwe hotuba. Msijali. Hotuba nilizisikia za kutosha siku mliyoniaga, na baadhi zilitoka kwa watu ambao hadi leo hawajui kama nilikuwa natengeneza meno au nayang'oa.

Mimi ni wa Bungoma mjini, nyumba ya nyuma ya msikiti. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, na jino lake moja la mbele lilikuwa na mkato mdogo kwa ajili ya kukata uzi nalo miaka yote. Nafikiri hilo ndilo jino la kwanza nililoliangalia kwa makini maishani. Niliposema nataka kusomea kazi ya meno, mama aliuliza kama hakuna kazi nyingine ya mtoto wa kike isiyohusu midomo ya watu. Nilimwambia sitashika mdomo wa mtu, nitashika plasta. Hakuridhika.

Kazi ya kwanza niliipata Kitale, kwenye maabara ndogo nyuma ya duka la dawa. Nilipanga chumba Kibomet na asubuhi nilitembea hadi mjini nikiwa na kipande cha muhogo kwenye mkoba. Aliyenipokea ni Mzee Wanyonyi, fundi mrefu mwenye sauti ndogo. Hakuniuliza cheti. Alifungua kabati, akatoa kipande cha sabuni ya kufulia na kisu, akaniwekea mbele. "Nichongee gego," akasema.

Nilichonga asubuhi nzima. Nilikuwa nimetoka chuoni na nilijua jina la kila bonde na kila kilima cha gego. Nilipomaliza alilichukua gego langu, akaligeuza mara moja, akaenda nalo kwenye bomba na kunawia mikono. Kesho yake akanipa sabuni nyingine. Wiki zile mikono ya Mzee Wanyonyi ilikuwa safi kuliko ya daktari yeyote Kitale. Siku moja alilitazama nililochonga, akalipeleka dirishani, akaliacha pale juani. Nilielewa kwamba nimeajiriwa.

Kwa wale mlioikuta mashine ya kuchonga meno kwa kompyuta, nieleze tulivyofanya, maana mnacheka mkiona visu vyangu. Taji la jino, kofia ya kufunika jino lililobomoka, tulilichonga kwanza kwa nta, juu ya kisiki cha jino kwenye ile plasta. Nta ile tuliizika ndani ya udongo maalum, tukaichoma ikayeyuka na kutoka, na kwenye shimo lililobaki tukasukuma chuma kilichoyeyushwa. Kikipoa, unavunja udongo na kukuta jino la chuma, baya kama dhambi. Juu yake unapaka kauri kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka linaingia kwenye tanuri. Daraja ni hivyo hivyo, ila ni mataji mawili au zaidi yaliyoshikana, na jino la bandia limebebwa katikati kuziba pengo. Stima ikipotea kauri ikiwa ndani, imeenda. Kitale ya siku zile, stima ilijua kabisa saa tuliyofunga mlango wa tanuri.

Rangi tuliitafuta dirishani, si chini ya taa. Mzee Wanyonyi alikuwa akisema jino jeupe sana linamwibia mtu uso wake, watu wanaliona jino wanamsahau mwenyewe. Yeye mwenyewe alikosa jino la pembeni, upande wa kulia, na kila alipocheka pengo lilionekana. Nilimuuliza kwa nini hajitengenezei. "Kinyozi hajinyoi," akasema, na akacheka na lile pengo lake.

Kabla ya kugusa kazi yoyote alikuwa na swali moja: hili jino linaenda kufanya kazi gani? Mwanzoni niliona ni swali la kizee. Jino linafanya kazi ya jino. Kisha akaja yule mzee kutoka upande wa Bungoma, mwaka wa uchaguzi, picha za wagombea zimebandikwa hadi kwenye milango ya vyoo. Alifika mapokezi ya kliniki moja tuliyoifanyia kazi na kumwambia msichana wa pale, "Nataka meno ya kura." Msichana alikuwa mgeni, wa pwani, hakujua kwamba kwetu l na r ni ndugu wanaoazimana nguo. Akaandika kwenye karatasi yetu: meno ya kura, yapendeze. Kila mtu akaamini mzee anagombea udiwani. Alikosa meno mawili mbele na magego karibu yote nyuma, na sisi tukamtengenezea daraja la mbele zuri ajabu, meno ya mtu wa kupungia umati mkono. Mzee akavalishwa, akajiangalia kwenye kioo, akashukuru kwa adabu. Halafu akauliza, "Sasa daktari, nyama nitakura na nini?"

Tulicheka siku nyingi. Mzee Wanyonyi hakucheka. Alitengeneza magego ya yule mzee kwa mkono wake, na tangu siku hiyo hata mimi nikaanza kuuliza kila jino linaenda wapi.

Kazi nyingi zilikuwa za kawaida, na nitazipita. Miwa ya Bungoma na mahindi ya kuchoma ya Kitale ndivyo vilivyotulisha. Unampa mtu taji asubuhi, unamwambia asitafune kitu kigumu, jioni anarudi na taji mkononi na muwa kwapani, anasema lilitoka lenyewe. Niliacha kubishana nao. Mtu aliyekaa bila gego kwa miaka, siku ya kulipata unamwambia asilitumie, na wewe una akili gani?

Lakini ninyi mnataka kujua yale magumu, na magumu kwangu hayakuwa ya mikono. Mikono inafundishika. Ni kwamba kazi yetu inadumu kuliko watu. Nimeishi na majirani Wakristo maisha yangu yote na nimekwenda kwenye mazishi yao mengi. Kwetu maiti hufunikwa akazikwa mapema, lakini kwao watu wanapanga foleni kumuaga marehemu, na jeneza lina kioo usoni. Nimesimama kwenye foleni hiyo nikamtazama mwanamke nisiyemjua, midomo imeachana kidogo, nikalitambua taji langu. Sikumjua jina hadi niliposoma kwenye karatasi ya ibada. Jino lile nililikumbuka hadi rangi yake. Nilitoka nje nikasimama karibu na sufuria za wapishi mpaka nikapata pumzi.

Mzee Wanyonyi alianza kutetemeka mikono. Mwanzoni alisema ni baridi ya Kitale. Alihamia kwenye kazi ya kumimina plasta, halafu kwenye kazi ya kusafisha vyombo, halafu akawa anakuja kukaa tu karibu na dirisha akiangalia rangi. Nilimletea kila taji alione. Alikuwa anasema "punguza njano," au anasema "wacha hivyo," na mara nyingi alikuwa sahihi. Nilimpenda mzee yule. Sikumwambia, kwa sababu kwetu hatuambiani, na leo naona ni desturi mbaya.

Alipofariki, mhubiri alisimama pale kaburini akasema marehemu ameacha pengo lisilozibika. Mmelisikia neno hilo kwenye kila mazishi, na mimi pia nilikuwa nimelisikia mara nyingi bila kulisikiliza. Siku hiyo nililisikia. Nilikumbuka lile pengo lake la upande wa kulia, na kwamba mimi, fundi wa kuziba mapengo, sikuwahi kumlazimisha akae kwenye kiti tulizibe. Kicheko kilinijia, halafu kikageuka kilio mbele ya watu, na binti yake akaja akanishika mabega akidhani nimezidiwa na jua.

Baada ya hapo sikuweza kukaa Kitale. Kliniki moja ya Kanduyi ilikuwa inatafuta fundi, nikarudi nyumbani. Maabara mnaijua, ni hiyo hiyo mnayokaa sasa, ila rafu zilikuwa za mbao na zimejaa vinywa vya plasta hadi darini. Kila mgonjwa tunamwekea kinywa chake, jina limeandikwa chini kwa penseli, endapo atarudi. Nafasi ikijaa, tunavunja vya zamani. Kazi hiyo niliwapa wengine kila nilipoweza. Mkaona nawaonea, mkasema mama huyu anachagua kazi. Ni kweli nilichagua. Nilijua wangapi kati ya wagonjwa hao hawatarudi.

Sasa nifike kwa Nafula, maana naona nimezunguka sana kama mtu anayeogopa kufika.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho wa kazi. Mwanamke alikuja hadi mlango wa maabara, mahali ambapo wagonjwa hawaji, ameshika leso mdomoni. Alikuwa fundi wa kushona sare za shule hapo Kanduyi. Boda boda ilikuwa imemwangusha kwenye lami akapoteza meno mawili ya mbele, ya juu, yale ya katikati kabisa. Kwa muda alikuwa amepewa kibao cha plastiki chenye meno mawili, cha kuvaa na kuvua.

"Samahani madam," akasema. "Ni wewe unatengenezanga hizi meno?"

Nikamwambia ni mimi, na kwamba daktari yuko upande wa pili.

"Daktari nimemwona. Yeye ndiye amenituma. Amesema hiyo kitu nataka ni ngumu, nikuambie mwenyewe."

Nikampa kiti. Akavua kibao kile, akakiweka kwenye meza yangu. Kilikuwa kimetengenezwa vizuri tu, meno mawili meupe yamebanana. Akakisukuma mbali kwa kidole.

"Mimi nilikuwa na mwanya," akasema. "Mama yangu ako nayo, na mimi nikaipata kwake. Ndugu zangu hawana. Sasa mama ni mzee, ako Naitiri, na siku hizi anasahau watu. Alianza kusahau majirani. Akasahau ndugu yangu mkubwa, yule anaishi naye kwa boma moja, bana! Lakini mimi alikuwa ananijua. Nikifika anashika mdomo yangu hivi, anaangalia mwanya, anasema, eeh, ni wewe."

Akaifunga leso kwenye vidole viwili, akaifungua.

"Nilienda na hii plastiki. Akaangalia. Ati, 'Huyu ni nani? Mwambieni atoke, ameingia kwa nyumba ya watu.' Nikamwambia, Mama, ni mimi Nafula. Akaniambia, 'Nafula ako na mwanya.' Nikatoa plastiki, sasa akaogopa kabisa, akaanza kulia. Madam, mama yangu amenilia kama mwizi. Daktari wa hospitali amesema moyo yake imechoka, si siku mingi. Mimi sitaki meno ya kurembeka. Nataka tu anijue kabla aende."

Hayo ndiyo aliyotaka, na hakuna siku aliyotaka mengine.

Mtu asiye wa kazi yetu atauliza shida iko wapi, si uache tu nafasi katikati? Shida ni kwamba daraja ni kitu kilichoshikana. Jino la bandia halina mzizi, linabebwa na majirani zake, na meno mawili ya katikati hubebana. Ukiweka mwanya kati yao umelikata daraja pale linapohitaji nguvu. Wengine tungewafanyia madaraja mawili madogo, kila upande na lake, yasigusane. Lakini kwa Nafula jino la pembeni upande wa kushoto lilikuwa limetikiswa na ile ajali. Peke yake lisingebeba mzigo. Lilihitaji kushikwa na wenzake wa ng'ambo.

Daktari Naliaka, ambaye mnamjua kwa haraka zake, alikuja jioni akasimama nyuma yangu tukakitazama kinywa cha plasta cha Nafula pamoja. "Tupitishe nyuma," akasema. "Mama Swaleh, unaweza kunitengenezea kitanzi?" Alimaanisha uzi wa chuma utokao nyuma ya jino moja, upinde juu ya kaakaa, uingie nyuma ya jino la pili. Mbele mtu anaona mwanya, nyuma pande mbili zimeshikana. Nilikuwa nimekiona kwenye vitabu na sikuwahi kukitengeneza. Wateja wetu waliokuwa na mwanya, wengi mafundi tumeuziba bila kuwauliza, na wao wanashukuru kwa adabu kama yule mzee wa kura. Mtoto wa kike mwenye mwanya kwetu anaimbiwa harusini, halafu akivunjika meno tunampa ukuta.

Nilimpigia Nafula simu nikamuuliza mwanya ulikuwa na upana gani. Picha aliyokuwa nayo ilikuwa ya mahafali ya ushonaji, na amecheka, lakini kwa picha huwezi kupima. Akasema atakuja. Alikuja na kitambaa kilichofungwa fundo, akafungua, ndani kulikuwa na wimbi, wimbi mwekundu wa kupikia uji.

"Tukipepeta, mama alikuwa anatuchekesha," akasema. "Anasema mwanya ya kwetu inapitisha punje moja ya wimbi. Mbili zinakwama."

Basi nikapima kwa wimbi. Nilichagua punje nzima, iliyojaa, nikaibana kati ya yale meno mawili ya nta na kuyasogeza hadi ikapita bila kulazimishwa. Kile kipimo changu cha chuma kilikaa kwenye droo. Andikeni hivyo kwenye vitabu vyenu vya mashine.

Kitanzi kilinitesa. Mara ya kwanza chuma hakikufika kote, nikavunja udongo nikakuta upinde umekatika katikati. Nilianza upya. Ndugu yake Nafula akapiga simu kutoka Naitiri kwamba mama ameacha kula ugali, anakunywa uji tu, na Nafula akaja mlangoni akasimama bila kusema lolote. Ningependa angesema. Mtu anayesimama kimya mlangoni mwako anakuharakisha kuliko anayepiga kelele. Mara ya pili chuma kilijaa. Nikapaka kauri, nikatia tanuri, na wakati wote tanuri likifanya kazi nilisimama pale nikisoma dua ndogo ndogo zote ninazozijua, nikiwaombea watu wa stima afya na maisha marefu. Stima haikupotea. Meno yakatoka na rangi yao, si meupe sana, yana kale ka-njano ka mtu aliyekunywa chai ya maziwa tangu utoto.

Kwa kawaida siendi kwenye chumba cha daktari. Siku ile nilikwenda. Daktari Naliaka alilibandika daraja, akasubiri likashika, akampa Nafula kioo. Nafula alijitazama bila kufungua mdomo. Halafu akaufungua kidogo, kama anayechungulia mlango wa nyumba asiyo na hakika kama ni yake. Akaingiza ncha ya ulimi kwenye mwanya. Akalia pale kwenye kiti, na daktari, ambaye ana haraka na kila kitu, akakaa chini akamsubiri.

Nilimwambia asikate uzi na hayo meno, na asafishe kile kitanzi kwa uzi laini kila siku maana chakula kitajificha. Akaitikia bila kunisikia. Alikuwa tayari amefunga kitambaa kichwani, anakwenda Naitiri.

Nilirudi maabara nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu enzi za Mzee Wanyonyi. Niliwaambia mpike chai. Mnakumbuka, mkaniuliza kuna nini, nikasema hakuna. Moyoni nilikuwa najua kuna mahali, kwenye nyumba fulani Naitiri, mama mmoja anamshika binti yake mdomo na kusema ni wewe.

Nafula hakurudi kwa ukaguzi siku aliyopangiwa. Sikushangaa, watu wakipona hawarudi. Alikuja baadaye, nikiwa nimeanza kukusanya vitu vyangu kwenye sanduku. Alivaa nguo nyeusi na nilijua kabla hajasema. Nikampa pole, nikamkalisha kwenye kiti kile kile, nikamuuliza kama aliwahi.

"Niliwahi, madam. Nilikaa na yeye hadi mwisho."

"Alikujua?"

Akatoa leso yake.

"Nilifika akiwa amekaa kwa kitanda," akasema. "Akanishika mdomo vile anashikanga. Akaangalia mwanya, akaingiza kucha hapo, hivi. Akacheka. Akasema, 'Mayi.' Unajua sisi ukipewa jina ya nyanya mzaa mama, mama yako anakuitanga Mayi, kwa sababu wewe ni mama yake. Mimi jina yangu ni ya nyanya. Amekuwa akiniita Mayi tangu nizaliwe. Nikafurahi, madam, ata sikuweza kuongea. Nikasema, amenijua."

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Ngoja." Akafuta pua kwa ile leso. "Akaniambia, 'Mayi, chungu si mimi nilivunja. Ni ndama. Usinichape.' Akajikunja hivi kama mtoto. Nyanya alikufa sijazaliwa. Ndugu yangu ndiye aliniambia nyanya pia alikuwa na mwanya, kila mtu alimjua nayo. Sasa mama hakuwa ananiona mimi. Alikuwa anaona mama yake."

Nje mlikuwa mnaongea na redio ilikuwa inapiga, nikatamani mzime.

"Ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Nikamwambia sikuchapi, chungu tutanunua ingine. Nikakaa. Kila siku nilikuwa namwosha, namlisha uji, yeye ananiita Mayi, ananisemea mambo ya kitambo, ati wasichana wamemcheka kwa mto. Alikuwa ametulia sana. Ndugu yangu akasema, si hiyo ni mzuri, amepata mama yake. Nikasema ni mzuri."

Kisha akasema lile alilokuja kusema.

"Siku ya mwisho alikuwa ameshika mkono yangu. Akaniuliza, 'Mayi, yule mtoto wangu nilimpa jina yako, mbona haji kuniona? Nimemkosea nini?' Nikamwambia anakuja, ako njiani. Akauliza tena. Nikamwambia ako njiani, amefika hapa karibu. Akaangalia mlango. Aliangalia mlango mpaka akaenda, na mimi nimemshika."

Nilinyanyuka nikasogeza taa. Nilimwambia afungue mdomo, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoijua. Daraja lilikuwa limeshika barabara. Ufizi ulikuwa na afya, kitanzi kilikuwa safi, mwanya uko pale pale nilipouweka. Nikamwambia meno yake yako sawa kabisa. Akasema asante madam, na sote wawili tukabaki tumekaa.